Geji ya Presha ya Mafuta Chini ya Boneti: Ifunge Kabla Hujakopa Gari Nyingine

Najua mmezoea kunisoma nikieleza kantangaze kwenye nyanya, samadi, na nafasi ya kupandia pilipili hoho. Leo tunafungua boneti. Usiniulize bwana shamba kaingiaje huko. Mboga haimlipi mtu ikiwa shambani. Inamlipa ikishafika kwa mnunuzi, tena kwa saa aliyotaka yeye. Na huku kwetu Kaskazini Unguja, wengi wenu mnaifikisha kwa pikapu ambayo umri wake ni mkubwa kuliko wa dereva.

Gari hizi za zamani mimi sizidharau. Zinatengenezeka kwa spana za kawaida, vipuri vyake bado vinapatikana, na zinabeba. Ubaya wake ni mmoja: zikianza kuzima njiani, kila mtu ana jibu lake na hakuna mwenye ushahidi. Huyu anasema plagi, yule anasema kabureta, wa tatu anasema petroli ya siku hizi mbovu. Wewe unalipa kote kuthathu.

Makala hii ni ya kifaa kidogo kinachokupa huo ushahidi: geji ya presha ya mafuta, iliyofungwa moja kwa moja chini ya boneti na kubaki pale. Siyo ya kuazima gereji kwa dakika kumi kisha kuirudisha.

Kijana wa Kiwengwa na Hilux ya babake

Nina mkulima ninayemtembelea, kijana wa miaka ishirini na kitu. Anakaa Kiwengwa, lakini shamba lake lipo ndani kidogo, upande wa Upenja, kwa sababu huku pwani maweni yamezidi udongo. Analima hoho, matango, biringanya na mboga za saladi kwa matone. Hoteli za Kiwengwa anazihudumia vizuri tu, ni mwendo wa dakika chache. Mwaka huu akapata mnunuzi mkubwa zaidi, anayesambaza mboga Mji Mkongwe. Masharti: mara tatu kwa wiki, mzigo uwe umefika kabla ya saa 2 asubuhi.

Gari yake ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980, ya petroli, ya kabureta, aliyoachiwa na marehemu babake. Safari za hotelini haisumbui hata siku moja. Safari ya mjini, ambayo ni zaidi ya kilomita 40, ikifika karibu na Mahonda inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Akipumzika kando ya njia robo saa, inawaka kama haikuwa yeye. Kilomita kadhaa mbele, tena.

Alipeleka gereji mara tatu. Plagi zikabadilishwa. Koili ikabadilishwa. Kabureta ikafunguliwa na kusafishwa. Na kila mara gari ikijaribiwa pale gereji ilikuwa inanguruma vizuri. Fundi mmoja akamwambia ni joto, kwamba petroli inachemka kwenye mpira na kugeuka mvuke. Jambo hilo lipo kweli, nami nitalieleza. Lakini kijana aliniambia neno moja lililonifanya nisilikubali haraka: "Bwana shamba, mimi naondoka saa 11 alfajiri, tena kipupwe hiki. Joto gani hilo?"

Akaongeza la pili: "Halafu nikijaza tangi ndio inazima mapema zaidi."

Kwa hesabu yake, alikuwa amechelewesha mizigo minne ndani ya mwezi mmoja, na mnunuzi kesha mwambia kwamba ya tano itakuwa ya mwisho. Fomu za mkopo wa kununua kigari kingine alikuwa nazo mfukoni, na dhamana aliyotaka kuweka ni ile ile pampu na vifaa vyake vya matone. Hapo ndipo nikaona hili si suala la gari tena. Ni suala la shamba.

Presha ya mafuta ni nini hasa

Injini ya petroli inataka mambo matatu kwa wakati wake: hewa, moto wa plagi, na mafuta. Mafuta hayafiki yenyewe. Pampu inayavuta kutoka tangini, yanapita kwenye chujio, kisha pampu inayasukuma hadi kwenye kabureta au kwenye sindano za EFI. Nguvu ya huko kusukumwa ndiyo presha.

Kwenye gari nyingi za kabureta zenye pampu inayoendeshwa na kemu ya injini, presha ni ndogo, kwa kawaida psi 3 hadi 5. Hiyo ni kama bar 0.2 hadi 0.35. Kwenye EFI za zamani presha ni kubwa mara nyingi zaidi, aghalabu bar 2.5 hadi 3, yaani psi 36 hadi 44. Kila gari ina kiwango chake kwenye kitabu cha ufundi, na hicho ndicho cha kufuata, si maneno yangu wala ya jirani.

Geji yenyewe si kitu cha ajabu. Ndani yake kuna kijibomba bapa kilichopindwa mfano wa mwezi mchanga. Presha ikiingia, kinajaribu kujinyoosha, na ule mnyooko mdogo unasukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon aliandikisha ubunifu huo mwaka 1849, na mpaka leo ndio huo huo uliopo kwenye geji ya mtungi wa gesi, ya mashine ya kujazia upepo, na ya pampu yako ya maji. Haitaki umeme, haitaki programu.

Kwa nini ya kudumu?

Kwa sababu ugonjwa wa gari ya zamani una tabia ya kujificha. Unatokea ikiwa imepakia, imeenda nusu saa, ipo njiani. Ukifika gereji umepona. Geji ya kuazima itakuonyesha presha nzuri, na fundi atakwambia kwa haki kabisa kwamba mafuta hayana kosa.

Geji iliyobaki pale inakuwepo siku ya tukio. Gari ikikohoa tu, unaegesha pahala salama, unaacha injini ikinguruma kama bado ina uhai, unafungua boneti na kusoma. Sekunde thelathini hizo zina thamani kuliko siku tatu za kubahatisha.

Wapo mafundi wanaopinga, na hoja yao ni ya maana: kila kiungo unachoongeza kwenye njia ya petroli ni pahala pengine pa kuvuja. Ni kweli. Kwa hiyo ama ufunge kwa vifaa sahihi na ukague, ama usifunge kabisa. Katikati hakuna.

Vifaa vya kununua

*Geji.* Chagua ambayo kipimo chako cha kawaida kitaangukia karibu na katikati ya uso wake. Kwa kabureta, chukua ya psi 0 hadi 15. Kwa EFI, ya psi 0 hadi 100. Ukifunga ya psi 100 kwenye kabureta, mshale hautanyanyuka hata uone kitu. Ukifanya kinyume, utaivunja siku ya kwanza. Hakikisha muuzaji anakubali kwamba inafaa kwa petroli. Zipo za hewa na maji tu.

*Yenye glisirini au kavu?* Glisirini inatuliza mshale usitetemeke. Lakini geji iliyofungwa kabisa, ikipata joto la injini, maji yale yanatanuka na geji inasoma chini ya ukweli. Kwenye psi 40 kosa hilo unaweza kulivumilia. Kwenye psi 4 linakudanganya moja kwa moja. Kwa kabureta chukua kavu, au yenye kizibo kidogo cha kupumulia juu.

*Tii.* Iwe ya shaba nyeupe au chuma, si ya plastiki. Gari nyingi za kabureta zina mpira wa milimita 8. Pima wako kwanza.

*Mpira.* Nunua wa petroli, wenye maandishi ubavuni. SAE J30R7 ni wa presha ndogo, unafaa kabureta. SAE J30R9 ni wa EFI. Mpira wa maji au wa gesi ya jikoni usiuguse, hata kama unaingia vizuri. Petroli inaula kwa ndani.

*Klipu.* Nne zinatosha, zile zenye kingo zilizokunjwa ambazo hazikati mpira.

*Uzi.* Geji nyingi zina uzi wa moja ya nane ya inchi, lakini upo wa aina mbili: NPT wenye meno 27 kwa inchi, na BSP wenye meno 28. Ukivilazimisha vitaingia mizunguko miwili mitatu, vitabana, na vitavuja. Nunua geji na kiungo chake duka moja, uvijaribu kwa mkono pale pale mezani.

Kijana wetu alivinunua vyote hivi mjini kwa pesa pungufu ya aliyoipoteza safari moja iliyochelewa.

Namna ya kufunga

Kazi hii aliisimamia fundi mzee wa Kinyasini, ambaye sote tunamwita Ami. Kama hujawahi kushika njia ya mafuta, tafuta Ami wako. Hatua ni hizi:

1. Gari iwe nje, si bandani, na injini iwe imepoa kabisa. Toa waya wa hasi wa betri. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa jirani. Mvuke wa petroli unatambaa chini na hauonekani.

2. Kwenye EFI punguza presha kwanza: kabla ya kutoa waya wa betri, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka izime yenyewe. Ukikata mpira wenye bar 3, petroli inakurukia usoni.

3. Chagua pahala pa geji: mbali na eksozi, mbali na feni, mbali na koili, distributa na betri. Iwe rahisi kusomeka ukifungua boneti. Ifungwe kwenye bodi kwa kibati, si kuning'inia kwenye mpira. Injini inacheza na bodi haichezi, kwa hiyo kati yake uache mpira wenye ulegevu kidogo.

4. Tambua mpira sahihi. Hilux nyingi za kabureta zina mipira mitatu kwenye pampu: wa kuingia, wa kutoka, na wa kurudi tangini. Tii inakaa kwenye ule wa kutoka, baada ya machujio yote, ikiwa kitu cha mwisho kabla ya kabureta. Unataka kujua kabureta inapata nini hasa.

5. Kata mpira kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Ingiza tii, funga klipu. Kwenye uzi wa geji tumia gundi ya uzi inayostahimili petroli. Tepu nyeupe ya mabomba inaacha vipande, na kipande kimoja kinatosha kuziba tundu la kabureta.

6. Rudisha betri, washa, acha ingurume dakika kumi. Pangusa kila kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, zima na urudie. Kagua tena kesho yake, na tena baada ya wiki.

7. Andika. Injini baridi: psi ngapi? Ikipata moto? Ukikanyaga mafuta? Weka alama ya rangi kwenye kioo pale mshale unapokaa siku ya afya. Bila alama hiyo, geji ni pambo.

Na jambo moja nawakataza kabisa: usipitishe mpira wa petroli kuingia ndani ya chumba cha dereva ili usome ukiwa umekaa. Ukipasuka, petroli inamwagika miguuni kwako. Mwenye kutaka kusoma akiwa kwenye usukani atumie geji ya umeme, ambayo kifaa chake cha kupimia kinabaki chini ya boneti na waya tu ndio unaoingia ndani.

Wenye magari ya dizeli, haya hayawahusu kwa upande wa nozeli. Presha ya kule ni mamia ya bar, na kwenye injini mpya inapita 1,000. Inaweza kupenya ngozi. Muachieni mwenye vifaa vyake.

Mshale ulisema nini

Siku ya kufunga, mshale ulikaa psi 4, umetulia. Kijana akanuna kidogo. Alitarajia kosa lionekane pale pale.

Alfajiri ya safari iliyofuata nilikuwa kiti cha pembeni. Upenja tukapita, Kinyasini tukapita. Hatujafika Mahonda, ikaanza kukohoa. Akaegesha, akafungua boneti: psi 1, na unashuka. Kwa hiyo ni mafuta. Si plagi, si koili, na kabureta yenyewe haina hatia kwa sababu haikuletewa kitu.

Lakini nani hasa mwenye kosa: pampu, chujio, au tangi? Ami alishamwelekeza la kufanya. "Kabla hujagusa kitu, fungua kifuniko cha tangi, usikilize." Akafungua. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, nikalisikia mimi niliyesimama mbele ya gari. Na mshale ukaanza kupanda mbele ya macho yangu: 2, 3, 4.

Tangi lazima lipumue. Kila lita inayotoka, lita ya hewa iingie kushika nafasi yake. Ni kama kopo la mafuta ya kula: ukilitoboa tundu moja, yanatoka kwa kusitasita na mwisho yanagoma, ndiyo maana sote tunatoboa mawili. Tangi la gari hii lilishawahi kubadilishwa, na mrija wake wa kupumulia ukazibwa. Pumzi ikabaki kwenye kifuniko. Mwaka huu, kwa kuogopa wezi wa mafuta, kijana akanunua kifuniko cha kufuli ambacho hakina tundu. Safari fupi za hotelini tangi halikuwahi kukaukiwa pumzi. Safari ya mjini lilikaukiwa. Na tangi likijaa, hewa iliyomo ni kidogo, kwa hiyo linabanwa mapema zaidi. Akizima na kusubiri, hewa inajipenyeza polepole, gari inawaka. Kila alichoniambia kikaja kukaa pahala pake.

Mjini alifika dakika kumi kabla ya saa 2. Mrija wa kupumulia ukafunguliwa wiki ile ile, na kifuniko kikabadilishwa kwa chenye tundu. Mpaka ninapoandika hapa hajachelewa tena, na zile fomu za mkopo hakuzirudisha.

Jinsi ya kusoma geji yako

- *Presha nzuri mwanzo, inashuka taratibu, inarudi ukifungua tangi:* tangi halipumui.
- *Inashuka taratibu, na kufungua tangi hakusaidii:* chujio au mdomo wa bomba ndani ya tangi umeziba kwa kutu au tope. Matangi yanayokaa robo kila siku yanaota kutu upesi.
- *Nzuri injini ikinguruma tu, inaanguka ukikanyaga:* chujio limechoka, au pampu imechoka.
- *Mshale unacheza sana:* pampu inavuta hewa. Kagua mipira ya upande wa kuvuta. Hiyo haivujishi petroli, inaingiza hewa, ndiyo maana huioni.
- *Inashuka mchana wa jua kali tu, baada ya kusimama kwenye foleni:* hapo kweli ni mvuke. Sogeza mpira mbali na eksozi, au uukinge kwa bati.
- *Juu ya kiwango, psi 7 au 8 kwenye kabureta:* mafuta yatafurika na mengine kuingia kwenye oili. Usiendeshe hivyo.
- *Presha ipo sawa na gari bado inazima:* sasa ndio uende kwenye umeme. Geji imekuokolea nusu ya kutafuta.

Somo hilo hilo shambani

Mashine ndogo za petroli za kuvutia maji, zile zenye tangi juu ya injini, hazihitaji geji ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake, na mita nzima ya kimo haifiki hata psi 2. Ila kifuniko chake nacho kina tundu. Mashine ikizima kila baada ya dakika ishirini, anzia hapo.

Kwenye matone lakini, geji za maji funga mbili za kudumu: moja kabla ya chujio, moja baada yake. Mifumo mingi ya matone inafanya kazi karibu na bar 1. Tofauti ya geji hizo mbili ikikaribia bar 0.5, osha chujio siku hiyo hiyo. Usingoje mistari ya mwisho ya hoho inyauke ndio ujue.

Kwa wiki hii nawaachia kazi mbili, na hazina gharama. Fungueni vifuniko vya matangi yenu mtazame kama vina tundu na kama tundu lipo wazi. Kisha pangusa kila kiungo cha mpira wa petroli kwa karatasi kavu. Atakayeona unyevu asiende safari ya kesho mpaka arekebishe. Mwenye kutaka kufunga geji na hajui aanzie wapi, anitafute kabla ya siku ya soko, tuangalie gari pamoja.